Maji ya Kumwagilia na Afya ya Grini za Gofu Kando ya Ziwa Victoria: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Gofu si mgeni katika mwambao wa Ziwa Victoria. Entebbe kuna kiwanja kilichoanza mwanzoni mwa karne ya 20, na Kisumu kuna klabu ya Nyanza. Hapa Mwanza wengi wanaouliza maswali haya ni wasimamizi wa bustani za hoteli na nyumba za wageni zenye grini moja au mbili za mazoezi, pamoja na mafundi wanaoitwa kuzifufua zinapoanza kufa. Neno grini linatumika hapa kwa maana moja tu, yaani kile kipande cha nyasi fupi kilicholizunguka shimo, ambako mpira husukumwa chini kwa chini. Majibu yanahusu maji ya ziwa na ya visima vya ukanda huu, kwa sababu sehemu kubwa ya ushauri unaosambaa umeandikwa kwa ajili ya nchi zenye maji ya chumvi, na ukifuatwa Mwanza bila kupimwa huleta hasara.

Kwa nini grini isumbuliwe na maji ambayo nyasi za bustani zinayavumilia?

Nyasi za grini hukatwa kila siku, au karibu kila siku, kwa kimo cha milimita 3 hadi 4. Mmea ulionyang'anywa majani kiasi hicho hauna akiba kubwa ya chakula, mizizi yake huwa mifupi, na kosa lolote la maji huonekana juu ndani ya siku chache. Nyasi za bustani zilizoachwa zifike sentimita 4 au 5 hulipokea kosa hilo hilo na kuendelea. Pamoja na hayo, grini hukanyagwa, huviringishwa kwa rola na kumwagiliwa mara nyingi kuliko sehemu yoyote ya kiwanja, kwa hiyo chochote kilichomo ndani ya maji hujilimbikiza hapo kwanza.

Maji ya Ziwa Victoria yana chumvi kiasi gani?

Kidogo sana. Chumvi ya maji hukadiriwa kwa kupima jinsi maji yanavyopitisha umeme, na kipimo hicho kwa maji ya ziwa letu huwa karibu na desisimensi 0.1 kwa mita, ambayo kwenye vifaa vya mkononi husomeka kama mikrosimensi 100 kwa sentimita. Mwongozo wa FAO (Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa) wa mwaka 1985 kuhusu maji ya umwagiliaji unasema kwamba chini ya desisimensi 0.7 chumvi yenyewe haidhuru mimea. Maji yetu ni mepesi mara saba kuliko kikomo hicho. Sababu ni kwamba sehemu kubwa ya maji yanayoingia ziwani ni mvua inayonyesha moja kwa moja juu ya ziwa, na miamba ya granati ambayo kila mgeni wa Mwanza huipiga picha haiyeyuki kirahisi.

Hesabu ndogo inaonyesha tofauti. Tuchukue grini yenye mita za mraba 500, inayopewa milimita 5 za maji kwa siku wakati wa kiangazi. Hizo ni lita 2,500. Kwa maji ya ziwa, chumvi inayoachwa juu ya grini ni gramu 160 hivi kwa siku, yaani kilo 16 kwa siku 100 za kiangazi. Kwa maji ya kisima chenye desisimensi 1, grini hiyo hiyo hupokea kilo 160, zaidi ya uzito wa mifuko mitatu ya saruji, na chumvi hiyo haitoki mpaka maji mengine yaisukume chini.

Kama hayana chumvi, mbona yanatuama juu ya grini yetu?

Hili ndilo swali tunaloulizwa kuliko yote, na wanaouliza karibu wote wamekwisha kuambiwa kwamba nyasi zao zina ugonjwa. Mara nyingi ugonjwa haupo. Kuna udongo uliojifunga kwa sababu maji ni mepesi kupita kiasi.

Chembe za mfinyanzi ni ndogo sana na zote zimebeba chaji hasi, kwa hiyo kwa tabia yake hutaka kukimbiana. Kinachozishika pamoja zikawa vidonge vyenye matundu ya hewa ni kalsiamu na magnesiamu zilizomo kwenye maji ya udongo, pamoja na kiasi fulani cha chumvi kwa ujumla. Maji yasiyo na kitu hupita, huchukua kalsiamu kidogo kila siku, hayarudishi, na baada ya miezi vidonge huvunjika, chembe zinatawanyika na kuziba matundu ya juu. Mwongozo huo huo wa FAO unaweka wazi kwamba maji yenye chini ya desisimensi 0.2 huweza kuleta tatizo kubwa la kupenya hata kama sodiamu yake ni ndogo. Maji ya ziwa yako kwenye nusu ya kiwango hicho, na katika uchache wake wa madini, sodiamu inakaribia kulingana na kalsiamu na magnesiamu zikiwekwa pamoja.

Wasukuma wanaujua udongo wa namna hii bila maabara. Ule mgumu wa mabondeni, unaoteleza ukilowa na kuwa kama sakafu ukikauka, wanauita ibambasi, na hakuna mkulima anayependa kupewa shamba huko. Udongo wa kichanga wa kwenye miinuko yenye mawe wanauita luseni. Niliwahi kuitwa kwenye grini ya mazoezi upande wa kusini wa jiji, iliyojengwa kwa luseni nzuri ambayo mjenzi aliichanganya na udongo mweusi wa mbuga ili ishike maji. Ilimwagiliwa kwa maji ya ziwa kwa misimu miwili. Asubuhi moja nilichoma kisu pembeni mwa shimo: sentimita moja ya juu ilikuwa ngozi laini ya kijivu, inayong'aa ilipokatwa, na chini yake mchanga ulikuwa mkavu kabisa ingawa grini ilikuwa imemwagiliwa usiku kucha. Mzee mmoja mtunza bustani alikiokota kipande hicho, akakisugua kwa kidole gumba na kusema, "Mmetengeneza ibambasi." Alikuwa sahihi, na wiki kadhaa za dawa ya kuvu zilikuwa zimekwisha kununuliwa bure.

Kipimo cha nyumbani ni rahisi na tunakipendekeza kabla ya kununua chochote. Chukua donge kavu la udongo wa juu ya grini, ukubwa wa punje ya haragwe, uliweke taratibu ndani ya bilauri ya maji ya ziwa yaliyotulia, bila kukoroga. Subiri saa kadhaa. Donge likimomonyoka lakini maji yakabaki safi, udongo ni dhaifu tu. Ukiona wingu kama la maziwa likijitandaza kulizunguka donge, mfinyanzi unatawanyika na maji yenu yanashiriki kuufunga udongo. Weka donge la pili kwenye bilauri yenye kijiko kidogo cha jasi (madini yanayotoa kalsiamu) iliyokorogwa na kuachwa itulie; wingu lisipotokea hapo, dawa mmeipata.

Je, grini iliyojengwa kwa mchanga mtupu nayo hujifunga?

Hapana, si kwa sababu hiyo. Grini iliyojengwa kwa utaratibu wa chama cha gofu cha Marekani, ambao ulitolewa mwaka 1960, ina sentimita 30 za mchanga uliochaguliwa juu ya sentimita 10 za kokoto, na mchanga safi hauna mfinyanzi wa kutawanyika. Shida yake na maji ya ziwa ni njaa: maji mepesi huosha potasiamu, kalsiamu na magnesiamu, na mchanga hauna pa kuvishikia. Mbolea igawanywe kidogo kidogo kila wiki au kila wiki mbili badala ya kumwagwa nyingi kwa mara moja. Angalieni pia mchanga mnaotandaza juu ya grini baada ya kutoboa, kwa maana mchanga wa ujenzi unaoletwa na malori ukiwa haujaoshwa huja na vumbi la mfinyanzi, na mwaka wa tatu grini iliyoanza vizuri huwa na kifuniko chake yenyewe.

Jasi itumike kwa kiasi gani, na tuitoe wapi?

Jasi huchimbwa hapa nchini, ikiwemo Makanya mkoani Kilimanjaro na Itigi mkoani Singida, na kinachotakiwa ni unga laini wa jasi ya kilimo. Tahadhari moja inahitaji mkazo: unga wa jipsamu wanaoutumia mafundi wa dari umechomwa ili ugande ukipata maji, na mara nyingi umechanganywa na viungo vingine. Usiutumie juu ya grini. Chokaa nayo si mbadala, kwa sababu huyeyuka polepole mno kwenye udongo usio na uchachu na hupandisha pH (kipimo cha uchachu, ambacho hupanda uchachu unapopungua) ambayo pengine tayari iko juu.

Kwa kutandaza juu ya udongo, kilo 5 kwa kila mita za mraba 100 ni kiwango cha kawaida. Grini ya mita 500 itachukua kilo 25, mara baada ya kutobolewa, kisha imwagiliwe. Kwa wenye tangi la kuchanganyia, gramu 86 za jasi safi katika kila lita 1,000 za maji huongeza miliekwivalenti moja ya kalsiamu kwa lita, kipimo ambacho maabara hutumia kulinganisha madini kwa chaji zake. Kwa maji ya ziwa, gramu 86 hadi 172 hutosha kuyatoa kwenye eneo la hatari. Jasi huyeyuka kwa uvivu, hivyo ikorogwe vizuri na kuchujwa, vinginevyo itaishia ndani ya vinyunyizio.

Hata hivyo jasi haipasui tabaka lililokwisha kuwa gumu. Lazima grini itobolewe kwa vyuma vyenye matundu, vipande vya udongo viondolewe na mashimo yajazwe mchanga. Anayemwaga jasi kila mwezi bila kutoboa hapati faida ya fedha zake.

Kisima kirefu si bora kuliko ziwa?

Jibu linapatikana maabara tu. Visima vya ukanda huu hupita kwenye miamba iliyopasuka, na visima viwili vilivyo umbali wa kutupa jiwe vinaweza kutoa maji tofauti kabisa. Tatizo la kawaida huwa bikaboneti na sodiamu, yaani maji yenye tabia ya magadi.

Tuchukue mfano wa cheti cha maabara wenye namba nyepesi: sodiamu miligramu 115 kwa lita, kalsiamu 20, magnesiamu 12, bikaboneti 305. Ili tulinganishe, tunagawanya sodiamu kwa 23, kalsiamu kwa 20, magnesiamu kwa 12 na bikaboneti kwa 61, na tunapata miliekwivalenti 5, 1, 1 na 5. Uwiano wa sodiamu, ambao maabara huuandika SAR, hupatikana kwa kujumlisha kalsiamu na magnesiamu, kugawa kwa mbili, kutafuta kipeuo cha pili cha jibu hilo, kisha kuigawa sodiamu kwa namba iliyopatikana. Hapa ni 5 kugawa kwa 1, yaani 5. Kwa maji yenye desisimensi karibu 0.7, hilo ni tatizo la wastani. Lakini tazama bikaboneti: 5 kutoa 2 zinabaki 3, na mabaki yakizidi 2.5 maji huhesabiwa kuwa hayafai kwa umwagiliaji wa muda mrefu bila kutibiwa. Sababu ni kwamba maji yakikauka, bikaboneti hushikana na kalsiamu ikawa kama ile gamba nyeupe ya ndani ya birika, na sodiamu huachwa peke yake kwenye udongo. Cheti kinachoonyesha chumvi ndogo kinaweza kuficha hatari hiyo kwa mtu anayesoma mstari wa kwanza tu.

Tiba ni jasi, au tindikali ya salfuriki inayoingizwa kwa kipimo na mtu aliyefunzwa, au kuchanganya maji ya kisima na ya ziwa. Njia ya tatu ndiyo tunayoipenda hapa. Maji mawili yenye kasoro zinazopingana yakikutana bwawani kwa uwiano uliopimwa, mara nyingi hutoa maji bora kuliko kila moja peke yake, kwa gharama ya bomba na vali moja.

Kisima chenye chumvi zaidi kinahitaji maji ya ziada ya kuisukuma chini ya mizizi. Kwa maji ya desisimensi 1.5, tukitaka udongo usivuke 4, gawanya 1.5 kwa tofauti ya mara tano ya 4 (yaani 20) na 1.5, ambayo ni 18.5; ziada ni asilimia 8 hivi. Mfereji wa chini wa grini ukiwa umeziba, maji hayo hayana pa kwenda.

Mbona grini ilivumilia kiangazi chote, ikaharibika mvua zilipoanza?

Mvua ni maji mepesi kuliko hata ya ziwa. Grini iliyomwagiliwa kisima chenye sodiamu kuanzia Juni hadi Septemba huwa imeshikiliwa na chumvi yenyewe: sodiamu ipo, lakini chumvi kwa jumla inatosha kuzuia mfinyanzi usitawanyike. Mvua za kwanza za vuli huiosha chumvi ya juu na kuiacha sodiamu imeng'ang'ania chembe, na ndani ya wiki moja maji yanaanza kusimama. Wenye visima wamwage jasi mwishoni mwa Septemba, kabla ya mawingu kukusanyika.

Kipimo cha pH ya ziwa kinabadilika kila tunapopima. Kifaa ni kibovu?

Pengine ni kizima. Mchana mwani uliomo majini hufyonza hewa ya ukaa kwa ajili ya kujitengenezea chakula, na pH hupanda, wakati mwingine hadi kuvuka 9 katika ghuba zilizotulia. Usiku huirudisha hewa hiyo na pH hushuka. Pimeni saa moja asubuhi na saa tisa alasiri siku hiyo hiyo mwone. Kwa kuwa maji yetu hayana bikaboneti nyingi, pH hiyo ya juu haina nguvu ya kuugeuza udongo, na hakuna haja ya kununua tindikali kwa sababu yake. Inadhuru pale tu mnapochanganya dawa za majani kwenye tangi, maana baadhi huvunjika haraka katika maji yenye pH ya juu. Kwa kazi hiyo chukueni maji ya alfajiri.

Mwani unadhuru grini, au unachafua macho tu?

Unadhuru, na katika Ghuba ya Mwanza ndio adui wa pili baada ya udongo kujifunga. Naitrojeni na fosforasi zinazoingia ziwani kutoka mashambani na mitaani zimeulisha kwa miongo mingi, na siku za utulivu baada ya joto kali maji ya kando hugeuka kama rangi iliyomwagwa. Maji hayo yakinyunyizwa, mwani hukauka juu ya udongo na kuacha ngozi nyeusi inayochubuka. Ngozi hiyo huzuia hewa. Chini yake, penye maji yasiyotoka, bakteria wasiohitaji oksijeni hutengeneza gesi ya salfa, na mkikata kipande cha grini mnaona mstari mweusi wenye harufu ya mayai yaliyooza. Mizizi haipiti hapo.

Msitie mrututu (chumvi ya shaba ya kuulia mwani) ziwani wala kwenye bwawa linalofurikia ziwani. Unaua samaki na viumbe wao wa chakula, na ziwa hili linalisha watu wengi kuliko watakaowahi kucheza gofu. Kwenye bwawa lenu, wekeni kipuliza hewa na zuieni mbolea isitiririkie humo. Kwa ziwa, chujio la mchanga linafanya kazi nzuri kuliko la wavu, kwa kuwa mwani ni laini na hupenya wavu ukisukumwa na pampu.

Mdomo wa bomba la kunyonya uwekwe wapi?

Mbali na mdomo wa mto au mfereji wowote. Baada ya mvua kubwa, Mto Mirongo huingia ziwani na rangi ya chai ya maziwa, ukibeba kila kilichooshwa kutoka katikati ya jiji. Kwa kina, bomba lining'inie kwenye boya katikati ya maji: juu kuna mwani na gugumaji, chini kuna tope. Gugumaji, ambalo limesumbua ziwa hili tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, husafiri na upepo, na ghuba iliyokuwa wazi jioni inaweza kuamka imefunikwa. Zungusheni wavu mpana kulizunguka bomba, mita kadhaa kila upande. Kichujio kidogo cha mdomoni peke yake huziba, na pampu iliyonyimwa maji huungua.

Tunaweza kutumia maji ya bomba?

Nyasi hazitalalamika, klorini inayobaki kwenye maji ya bomba ni ndogo mno kuzidhuru. Lakini yanatoka ziwa lile lile, kwa hiyo wepesi wake haujabadilika, na mnalipia usafishaji ambao grini haiuhitaji. Wakati wa mgao wa maji mitaani, kuyamwaga kwenye nyasi ni jambo ambalo sisi hatutalishauri kwa mtu yeyote.

Na majitaka yaliyotibiwa?

Yanafaa mahali ambapo usalama wake unathibitishwa kwa vipimo. Shirika la Afya Duniani mwaka 1989 liliweka kikomo cha bakteria 200 wa kinyesi kwa kila mililita 100 kwa nyasi ambazo umma hugusana nazo moja kwa moja, kama za hoteli, na yai lisilozidi moja la minyoo kwa lita. Mchezaji wa gofu huokota mpira kwa mkono na wengine huupangusa kwa vidole, kwa hiyo kikomo hicho kichukuliwe kwa uzito.

Kilimo chake pia kinahitaji hesabu. Maji yenye miligramu 20 za naitrojeni kwa lita, kwa milimita 5 kwa siku, huipa grini gramu 10 za naitrojeni kwa kila mita ya mraba katika siku 100. Hicho ni chakula kamili cha grini, na anayeongeza mbolea ya kawaida juu yake hupata nyasi laini, nene na zenye kuvu. Chumvi ya majitaka huwa juu kuliko ya maji yaliyoingia bombani, jambo ambalo kwa maji mepesi kama yetu linaweza hata kusaidia udongo.

Tupande nyasi gani?

Kwa maji ya ziwa, bermuda chotara za grini, ambazo ni ndugu wa ukoka wetu wa kawaida. Ukoka huvumilia udongo wenye chumvi ya desisimensi 6.9 kabla mavuno hayajaanza kushuka, kiwango ambacho hapa hakifikiwi kirahisi. Nyasi za paspalamu za pwani zinasifiwa kwa kustahimili maji ya bahari, na ndiyo sababu wauzaji huzipendekeza kila mahali. Mwanza sifa hiyo haina kazi. Hakuna nyasi inayotibu udongo uliojifunga.

Sampuli ya maji ichukuliwe vipi, na mara ngapi?

Endesha pampu kwa dakika kumi, suuza chupa ya plastiki ya lita moja mara tatu kwa maji yale yale, ijaze hadi ukingoni pasipo hewa, ifunge, iandike tarehe na mahali, iweke kwenye boksi la barafu na uifikishe maabara ndani ya saa 24. Chupa iliyokuwa na soda au dawa isitumike hata ikioshwa. Omba vipimo vya upitishaji umeme, pH, kalsiamu, magnesiamu, sodiamu, bikaboneti, kaboneti, kloridi, boroni, chuma, naitreti, fosforasi na tope linaloelea. Kwa kisima, chuma kina umuhimu wake, kwa sababu maji yatakayotoka safi yatageuka rangi ya kutu yakikutana na hewa na kuziba vinyunyizio.

Kwa ziwa, sampuli mbili kwa mwaka zinatosha, moja Agosti na nyingine Aprili. Kisima kipya kipimwe kila baada ya miezi mitatu katika mwaka wa kwanza. Sampuli ya udongo ichukuliwe siku hiyo hiyo, kwa sababu cheti cha maji kinaonyesha kinachoingia na cha udongo kinaonyesha kilichobaki.

Tumwagilie saa ngapi?

Kati ya saa tisa usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Mchana upepo wa ziwa huvuma kuelekea nchi kavu na kuyapeperusha matone, na upande mmoja wa grini hukosa maji huku mwingine ukilowa. Kama maji hayazami kwa kasi, gawanyeni kipimo cha usiku katika awamu tatu fupi zenye nusu saa katikati, badala ya awamu moja ndefu inayoishia kutiririka.

Kuna sheria gani za kuzingatia?

Kuchota maji ya ziwa au kuchimba kisima kwa shughuli hii kunahitaji kibali cha kutumia maji kutoka Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa ziwa dhidi ya shughuli zinazoweza kuuharibu. Tunashauri ukanda huo uachiwe nyasi ndefu na miti ya asili, bila mbolea, ili uyapokee maji yanayotoka kwenye grini kabla hayajarudi mnakoyachota. Fosforasi itakayowaponyoka leo mtaipata mwakani kwenye chujio, ikiwa mwani.

Mfanyakazi wetu huingia majini kila wiki kusafisha mdomo wa bomba. Kuna hatari?

Ipo, na ni kubwa kuliko hatari yoyote tuliyoitaja kwa nyasi. Konokono wa kando ya ziwa hubeba vijidudu vya kichocho, na dakika chache za miguu majini zinatosha kuambukizwa. Wekeni winchi au kamba ya kulivuta bomba hadi nchi kavu lisafishiwe huko. Panapokuwa hapana budi, mfanyakazi avae suruali ya mpira inayofika kifuani na glavu ndefu, na apimwe afya kila mwaka kwa gharama ya mwajiri. Maji yaliyokaa siku mbili kwenye tangi lisilo na konokono huwa salama kwa upande huo, kwa kuwa vijidudu hivyo haviishi zaidi ya saa 48 hivi bila kupata mwili wa kuingia. Kwa hiyo tangi mtakalojenga kwa ajili ya kuchanganyia jasi, mlijenge la kutosha matumizi ya siku mbili, ili mafundi wanaorekebisha vinyunyizio alfajiri wasilowe maji yaliyotoka ziwani usiku huo huo.